Chuo cha kanda au chuo chenye jina: pa kusomea uhandisi wa petroli

Swali: Nimemaliza sekondari nikiwa na alama nzuri za hisabati na fizikia, na nimepata nafasi mbili za kusomea uhandisi wa petroli. Moja ni ya chuo kikubwa kinachojulikana nchi nzima. Kiko mbali na visima, na ada yake ni karibu mara mbili ya kile kingine. Nafasi ya pili ni ya chuo kidogo cha kanda, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwenye visima vinavyozalisha. Nyumbani wanasema jina la chuo ndilo litakalonipa kazi. Nichague kipi, na nikague nini kabla ya kuthibitisha?

Jibu: Kwa hali uliyoieleza, chuo cha kanda ndicho cha kuweka mbele, ila kwa masharti matatu. Programu yenyewe iwe na ithibati, maabara ziwe zinafanya kazi kweli, na masomo ya msingi ya uhandisi yawe mapana kiasi cha kukubeba siku bei ya mafuta itakapoanguka. Sharti moja likikosekana, nenda kwenye chuo chenye jina au badilisha shahada.

Wazee wako hawajakosea kabisa, maana katika fani nyingi jina la chuo lina uzito. Petroli ina tabia yake. Kazi zake hufuata mafuta yalipo, na vyuo vingi vinavyoheshimiwa katika fani hii viko kwenye miji ambayo mtu wa nje ya sekta huenda hajawahi kuisikia. Chuo Kikuu cha Stavanger nchini Norwei kilipata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2005 tu, lakini kiko katikati ya sekta ya Bahari ya Kaskazini, na mjini humo kuna Ullrigg, mtambo wa uchorongaji wa ukubwa kamili uliojengwa kwa majaribio na mafunzo. Marekani kuna chuo cha Permian Basin kule Odessa, Texas, na cha Louisiana kule Lafayette. Marietta College ya Ohio ni ndogo na inajikita zaidi kwenye shahada ya kwanza, lakini petroli yake ina ithibati sawa na ya vyuo vikubwa. Nigeria ilipofungua mwaka 2007 chuo kikuu cha serikali kuu kwa ajili ya petroli, ilikiweka Effurun, katika Jimbo la Delta.

Ukaribu una faida kwa sababu zinazoonekana. Mhandisi aliye kazini anaweza kuja kufundisha somo la jioni mara moja kwa wiki. Kampuni ikibadilisha vifaa vyake, vya zamani hupelekwa chuo cha jirani. Wanafunzi wanaweza kwenda kisimani asubuhi na kurudi jioni, kwa hiyo chuo hakihitaji bajeti kubwa kuandaa ziara tano kwa mwaka. Hata hivyo ukaribu peke yake haufundishi mtu. Kuna idara zilizo jirani kabisa na visima ambazo wanafunzi wake huhitimu wakiwa wameona mtambo mara moja tu, tena kupitia dirisha la basi. Ndiyo maana inabidi ukague.

Anza na ithibati, kwa sababu ndiyo rahisi kuthibitisha na ndiyo inayoumiza zaidi ikikosekana. Kosa la kawaida ni kuuliza kama chuo kina ithibati. Chuo kizima kinaweza kutambuliwa na serikali huku programu yake ya petroli ikiwa haijapitishwa na chombo cha uhandisi. ABET ya Marekani, kwa mfano, hutoa ithibati kwa programu moja moja. Ingia mwenyewe kwenye orodha ya chombo husika, tafuta jina la shahada herufi kwa herufi, na uangalie mwaka ithibati ilipoanza. Tahadhari na maneno yanayofanana: “uhandisi wa petroli” na “teknolojia ya petroli” hupimwa kwa vigezo tofauti, na shahada ya teknolojia inaweza kukuzuia kusajiliwa kama mhandisi mtaalamu. Kama una mpango wa kufanya kazi nje, angalia pia kama chombo kilichoipitisha programu kimo katika Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao wanachama wake wanatambuliana shahada za uhandisi.

Programu mpya ni mtego unaostahili onyo lake. Ithibati ya ABET haitolewi kabla programu haijatoa angalau mhitimu mmoja. Idara iliyoanza miaka miwili iliyopita haiwezi kuwa nayo, hata kama imejengwa vizuri. Hilo si kosa la idara, ila hatari yote unaibeba wewe. Uliza ukaguzi umepangwa lini na kama ithibati itawahusu wahitimu wa mwaka wako. Jibu la “iko njiani” bila tarehe lihesabu kama hapana.

Uliza pia kama idara itakuwepo. Bei ikishuka, waombaji hupungua, na vyuo huanza kuunganisha au kufunga idara. Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Calgary, katika mji ulio kitovu cha sekta ya mafuta ya Kanada, kilisitisha kupokea wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza ya uhandisi wa mafuta na gesi. Kama yametokea pale, yanaweza kutokea popote. Omba idadi ya wanafunzi walioingia mwaka wa kwanza kwa miaka mitano iliyopita. Darasa likiwa limeshuka kutoka watu sitini hadi wanane, uliza kama kuna ahadi ya maandishi kwamba walioingia watafundishwa hadi wahitimu.

Baada ya hapo chukua mwongozo wa masomo na kalamu. Kuna msingi ambao lazima uuone: hisabati hadi milinganyo tofautishi, uwezekano na takwimu, mekanika ya vimiminika, uimara wa vifaa, na termodinamiki. Juu yake zikae nguzo za petroli yenyewe: jiolojia na tathmini ya miamba, uchorongaji na ukamilishaji wa visima, uzalishaji na mitambo ya juu ya ardhi, uhandisi wa hodhi (yaani mwamba wenye vinyweleo unaobeba mafuta au gesi), na uchumi wa miradi pamoja na hesabu za hatari. Idara ndogo huteleza sehemu mbili. Ya kwanza ni kujaza jiolojia kwa sababu walimu wake wapo, halafu mekanika ya vimiminika ikabaki nusu muhula. Mwanafunzi wa namna hiyo atakariri milinganyo ya mtiririko bila kujua ilitoka wapi, na mwaka wa tatu utamshinda. Ya pili ni kuufuta uchumi wa miradi, wakati maamuzi mengi ya kazini huishia kwenye swali moja: kisima hiki kitarudisha gharama yake au la?

Tazama pia somo gani linategemea lipi, na kila somo hufundishwa mara ngapi kwa mwaka. Hili halijulikani na wengi mpaka liwapate. Idara kubwa inaweza kufundisha somo moja mihula yote miwili. Idara ndogo hulifundisha mara moja kwa mwaka. Ukianguka milinganyo tofautishi, hutaruhusiwa mekanika ya vimiminika. Bila hiyo hakuna uhandisi wa hodhi. Bila hodhi hakuna mradi wa mwisho. Kuanguka somo moja kunakugharimu mwaka mzima wa ada na malazi, na ile nafuu ya ada uliyoifuata inapotea. Chora mnyororo huo kwenye karatasi, kisha uulize kama kuna kozi za likizo au ruhusa ya kusomea somo hilo chuo kingine na kuhamisha alama. Chuo chenye jibu zuri kwa swali hili kinajali wanafunzi wake.

Sasa maabara. Usitosheke na ziara ya kuzungushwa na afisa udahili. Omba kuingia siku ambayo mwaka wa tatu wana zoezi, usimame pembeni uangalie.

Chukua zoezi la tope la kuchorongea (majimaji yanayozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga), ambalo karibu kila idara inalo. Mwanafunzi anapima mililita 350 za maji na kumimina gramu 22.5 za bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Vipimo hivyo vina maana yake: gramu moja katika mililita 350 ni sawa na pauni moja katika pipa zima, kwa hiyo kikombe kidogo kinawakilisha tangi la kisimani. Tope hukorogwa, kisha huachwa livimbe, mara nyingi kwa saa 16. Kesho yake anapima uzito wake kwa mizani ya tope, baada ya kuikagua kwanza kwa maji safi, ambayo lazima yasome pauni 8.33 kwa galoni. Halafu anaingia kwenye viskomita ya mzunguko, chombo cha kupimia mnato. Tuseme kwa mizunguko 600 kwa dakika inasoma 46, na kwa 300 inasoma 28. Tofauti ya namba hizo, 18, ndiyo mnato wa kiplastiki, yaani ukinzani wa tope likiwa tayari linatiririka, kwa kipimo cha sentipoisi. Ukitoa 18 kwenye 28 unabaki na 10, ambayo ni nguvu ya tope kuanza kutiririka, kwa pauni katika kila futi 100 za mraba. Mwisho tope huwekwa kwenye kichujio chini ya mgandamizo wa pauni 100 kwa inchi ya mraba kwa dakika 30, na mwanafunzi anapima maji yaliyochujika na unene wa utando uliobaki kwenye karatasi.

Hayo ni mambo ya msingi kabisa, na ndiyo maana yanafichua mengi. Je, mizani ilikaguliwa kwa maji kabla ya kutumika? Viskomita ina lebo ya tarehe iliposahihishwa mara ya mwisho? Wanafunzi wangapi wanazunguka chombo kimoja? Wanne ni wengi kiasi cha kutosha. Wakifika kumi, mmoja anapima na tisa wananakili. Na mwalimu anauliza namba hizo zinamaanisha nini chini kisimani? Tope zito kupita kiasi hupasua mwamba na kupotelea humo, jepesi kupita kiasi huruhusu gesi kuingia kisimani, na lisilo na nguvu ya kubeba huacha vipande vya mwamba vikirundikana kuzunguka bomba hadi linanasa. Mwanafunzi asiyeunganisha 46 na 28 na bomba lililonasa amejifunza kusoma mshale tu.

Upande wa miamba, tafuta kifaa cha kupimia vinyweleo kwa heliamu na cha kupimia upenyevu (urahisi wa mwamba kupitisha gesi au kimiminika), pamoja na vipande vya mwamba vya kipenyo cha inchi moja na nusu vilivyotumika kweli. Angalia mitungi ya gesi. Maabara nyingi zina mashine nzuri ambazo hazijawashwa miaka miwili kwa sababu heliamu iliisha na hakuna fungu la kununua nyingine, na vumbi halidanganyi. Kisha muulize mwanafunzi, wala si mwalimu: kwa nini upenyevu uliopimwa kwa gesi huwa mkubwa kuliko uliopimwa kwa kimiminika? Akikueleza kwamba molekuli za gesi huteleza kwenye kuta za vinyweleo, na kwamba kuna sahihisho la Klinkenberg kwa ajili hiyo, basi pale panafundishwa.

Programu za kompyuta zina mtego wa aina hiyo hiyo. Matangazo ya chuo yatataja Petrel, Eclipse au CMG, programu za kuchora na kuiga hodhi, kwa kuwa kampuni hutoa leseni kwa vyuo kwa nafuu au bure. Uliza leseni ni ngapi kwa wakati mmoja, zinaisha lini, na kama mwanafunzi anaweza kuzitumia jioni au ni ndani ya saa za darasa tu. Leseni tano kwa darasa la hamsini maana yake ni foleni. Jambo la kutia moyo ni kwamba upungufu huu unazibika. Mwaka 2018 Equinor, kampuni ya mafuta ya Norwei, ilitoa hadharani data za uwanja wa Volve wa Bahari ya Kaskazini, uliozalisha kuanzia 2008 hadi 2016, na OPM Flow ni programu huria ya kuiga mtiririko katika hodhi. Idara ya kanda inayowapa wanafunzi data za Volve kwenye mradi wa mwisho inaweza kuwafunza vizuri kuliko idara tajiri inayofundisha kubofya vitufe.

Kuhusu wahadhiri, hesabu wa kudumu na uone nani anabeba nguzo ipi: uchorongaji, uzalishaji, hodhi, tathmini ya miamba. Idara yenye watu watatu inaweza kuwa nzuri, lakini mmoja akistaafu au akichukuliwa na kampuni, robo ya shahada inayumba. Uliza nani anastaafu ndani ya miaka minne yako. Na angalau mmoja wao awe amefanya kazi kisimani, maana kuna mambo ambayo kitabu huyaandika kwa mstari mmoja na kisimani huchukua usiku kucha.

Kuhusu kazi, hapa jina lina nguvu yake. Kampuni kubwa za mafuta mara nyingi huwa na orodha ya vyuo zinavyotembelea kila mwaka kuajiri, na chuo chako cha kanda huenda kimo kwa kampuni za eneo lile tu. Wahitimu wa vyuo hivi huingia zaidi kupitia kampuni za huduma, zile za matope, saruji ya visima, vipimo vya kisima na mitambo ya uchorongaji, kisha huhamia kwa wamiliki wa vitalu baada ya miaka michache. Njia hiyo ni ngumu mwilini lakini inafundisha. Kama ndoto yako ni kuanzia ofisini kwenye makao makuu ya kampuni ya kimataifa, chuo chenye jina kinaweza kuwa na thamani ya ada yake, mradi uhakikishe kampuni hizo zinakitembelea kuajiri wahandisi wa petroli hasa, na si wahasibu na wataalamu wa kompyuta tu.

Usikubali takwimu ya ajira ya mwaka mmoja mzuri. Omba ya waliohitimu 2016 na 2020. Katikati ya 2014 pipa la Brent, mafuta ya Bahari ya Kaskazini, lilivuka dola 110. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa kuuziana mafuta ya Marekani ya kupokelewa Mei ulifunga kwenye dola 37.63 chini ya sifuri. Wahitimu wa miaka hiyo walikwenda wapi? Idara inayowajua kwa idadi, kwamba kadhaa waliingia jotoardhi, kadhaa maji, wengine wakaongeza masomo, ni idara inayofuatilia watu wake. Inayojibu kwamba “wahitimu wetu wanatafutwa sana” haijajibu. Utaingia leo na kuhitimu baada ya miaka minne au mitano, muda unaotosha kabisa bei kupanda na kushuka, kwa hiyo bei ya leo isikuongoze kuingia wala kukimbia.

Mafunzo kwa vitendo yana uzito kuliko wastani wa alama kwa waajiri wengi wa fani hii. Uliza ni sehemu ya lazima ya shahada au ni hiari, na nani anayetafuta nafasi: ofisi ya chuo au mwanafunzi mwenyewe na barua yake mkononi. Lenga likizo ya baada ya mwaka wa pili na ya baada ya mwaka wa tatu. Angalia kama kuna tawi hai la wanafunzi la SPE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa petroli, na kama limeshiriki PetroBowl, shindano la maswali, au Drillbotics, shindano ambalo wanafunzi hujenga mtambo mdogo wa kuchoronga unaojiendesha. Vyeti kama cha udhibiti wa visima cha IWCF, ambacho mara nyingi hudumu miaka miwili, au cha usalama wa baharini cha BOSIET, kinachodumu minne, usivilipie mwaka wa kwanza kwa sababu chuo kinavinadi. Kile cha miaka miwili kitakuwa kimeisha kabla hujahitimu.

Kuhusu fedha, linganisha gharama ya shahada nzima na si ada ya muhula: malazi, nauli za likizo, vifaa vya usalama, na mwaka mmoja wa ziada kama tahadhari ya ule mnyororo wa masomo. Ukipewa ufadhili, soma sharti la alama. Msingi wa uhandisi hushusha wastani wa wanafunzi wengi mwaka wa pili, na ufadhili unaodai wastani wa juu sana unaweza kukatika pale pale unapouhitaji. Ufadhili wa kampuni wenye mkataba wa kuitumikia baada ya masomo ni mzuri kama mkataba unasema wazi itakuwaje kampuni yenyewe ikikosa nafasi ya kukupa.

Lile sharti la upana lisilegezwe. Ujuzi wa petroli unatumika nje ya mafuta: visima vya jotoardhi huchorongwa kwa mbinu za familia moja, na uwanja wa Sleipner huko Norwei umekuwa ukiingiza kaboni dioksaidi chini ya bahari tangu 1996 kwa hesabu zile zile za hodhi. Tafuta kozi za hiari katika maeneo hayo, na nafasi ya kuchukua masomo ya idara ya mitambo au ya kemia. Chuo cha kanda ambacho idara yake ya petroli imejitenga, bila idara nyingine ya uhandisi ya kuazimana nayo walimu na masomo, kina kasoro kubwa.

Na kama vyuo vyote viwili vitashindwa vipimo hivi, chukua uhandisi wa mitambo au wa kemia kwenye chuo chenye ithibati, uongeze kozi mbili tatu za petroli, kisha shahada ya pili ya petroli ukipenda. Kampuni za mafuta huajiri wahandisi wa mitambo na wa kemia kila siku. Kwa mhitimu wa petroli kuajiriwa kiwandani ni kugumu zaidi.

Kabla ya kuthibitisha, mwandikie mkuu wa idara wa kila chuo barua pepe moja fupi: tarehe ya ithibati, idadi ya walioingia kwa miaka mitano, masomo yanayofundishwa mara moja kwa mwaka, waliohitimu 2020 wako wapi, na ombi la kuhudhuria zoezi moja la maabara. Ziandike siku moja, kwa maneno yale yale, na uwape siku kumi za kazi. Anayekujibu kwa namba na kukutajia siku ya kufika ndiye wa kumtembelea kwanza.